Ndama Ambao Hawakuzaliwa

Mwenyekiti, walimu, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma: nimeombwa nieleze kazi ya jenetikia, sayansi ya urithi, ya ng'ombe wa maziwa. Habari za vyeo na vyuo naziacha. Nitawasimulia kisa cha fahali mmoja.

Aliitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, wa aina ya Holstein, ng'ombe wa maziwa, aliyezaliwa Marekani mwaka 1962. Binti zake walikamuliwa maziwa mengi, basi mbegu yake ikasakwa kila pembe. Alipata binti zaidi ya 16,000, na binti za watoto wake wakapita 500,000. Lakini alikuwa na nakala moja mbovu ya jeni iitwayo APAF1. Moja haina neno. Ndama akirithi mbili, kwa baba na kwa mama, hufa tumboni.

Nani angejua? Mfugaji huona ng'ombe amerudi joto, yaani hana mimba, akamlaumu daktari wa mbegu aliyempandisha, ambaye hulaumiwa kwa mengi. Waliogundua ni watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, mwaka 2011. Walizikagua jenomu, yaani jumla ya urithi, za makumi ya maelfu ya ng'ombe hai, wakitafuta kipande ambacho hakuna hata mmoja aliyekirithi pande zote mbili. Wakakipata. Kisha wakafungua rekodi za kupandisha: wabebaji wawili, wenye nakala moja mbovu kila mmoja, wakikutana, mimba zilishika kwa uchache zaidi. Sijaona ugunduzi unaonifurahisha kuliko huu wa kuwahesabu wasiokuwapo.

Bila zile rekodi, lakini, ingebaki dhana tu. Hapo ndipo penye kazi yetu.

Ng'oa singa chache za mkia wa ng'ombe wa Githunguri, hapa Kenya, maabara itakwambia ana damu kiasi gani ya Friesian na kiasi gani ya Ayrshire. Haitakwambia atakamuliwa lita ngapi kwa majani ya napia, mpaka tuwe na ng'ombe wengi wa huku waliopimwa jenomu na maziwa yao yakaandikwa. Marekani ilipoanza rasmi kuchagua mafahali kwa jenomu, mwaka 2009, ilikuwa na rekodi za miongo mingi. Mfugaji wetu mdogo, anayetoa sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya, mara nyingi ana risiti ya ushirika tu, nayo imejumlisha ng'ombe wake wote, bila maziwa ya chai ya nyumbani wala aliyonyonya ndama.

Ndiyo maana mradi wa ADGG, wa kuboresha ng'ombe wa maziwa Afrika, wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulioanzia Ethiopia na Tanzania, huwatuma watu mabandani wakapime ng'ombe mmoja mmoja. Mnaoniuliza mwanzie wapi, anzieni huko. Kompyuta mtazikuta tu.