Mlango Ukifungwa, Shahidi Yuko Ng'ambo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kuacha shughuli zenu kuja kunisikiliza.

Msimu mmoja nilimsindikiza mama kupeleka korosho ghalani. Nyumbani tulishapima. Kule karani akasoma pungufu, tukaomba apime tena mbele yetu, akakataa. Mama hakugombana. Alifungua pindo la kanga, akatoa kikaratasi chenye uzito wa kila gunia, akaanza kuwauliza wenzake kwenye foleni: wewe nyumbani ulipata kilo ngapi?

Tume ya uchunguzi ya kimataifa hufanya hivyohivyo nchi ikiifungia mlango. Oktoba 2023 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, lenye wajumbe 47, lilipiga kura kuunda tume ya kuchunguza vita vya Sudan: 19 wakaafiki, 16 wakapinga, 12 hawakuegemea upande. Mwenyekiti wa tume hiyo ni mwenzetu, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman. Sudan haikuwaruhusu kuingia. Wakaenda Chad, Kenya na Uganda kuwasikiliza waliovuka, na Septemba 2024 wakasema wazi kwamba jeshi na wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana na jeshi hilo, wote, wametenda maovu makubwa kwa raia. Burundi nayo iliikatalia tume nyingine ya Baraza mwaka 2016. Waliozungumza ni wakimbizi.

Wapo wanaouliza, mgeni anatafuta nini nyumbani kwa mtu? Ni swali la haki, na Baraza halina askari wa kuvunja mlango. Lakini aliyechomewa nyumba naye ni mwenye nyumba.

Wala tusidanganyane: tume si mahakama, haifungi mtu. Hata hela ya mama haikurudi msimu ule. Kazi ya tume ni kuhifadhi ushahidi kabla haujapotea, hadi apatikane wa kuusikiliza.

Sasa sisi wa Mtwara. Mji wa Palma, kule Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, wengi walikimbilia mpakani, huku Mto Ruvuma. Mtu aliyevuka na mtoto mgongoni ni shahidi, hata kama hajui. Mpeni maji kwanza, na mahali pa kulala. Akitaka kusema mwenyewe, andikeni tarehe, kijiji, na alichokiona kwa macho yake, mbali na alichosikia. Msimpige picha ya uso. Jina lake liandikwe kwenye karatasi ya peke yake, na karatasi hiyo ikae kwa mtu mmoja anayemwamini.