Hoye Imepasua Sauti? Tuiokoe Rekodi ya Mhadhara

Habari zenu watazamaji. Kabla ya yote sikilizeni hiki kipande.

Mmesikia? "Kigoma hoyeee!" Hapo kwenye "yeee" sauti imekwaruza kama spika iliyochanika. Hii ni semina ya michikichi niliyoirekodi hapa Kigoma, kwenye ukumbi mmoja huku Mwanga. Mzee alikuwa anaeleza taratibu kwamba chikichi la Tenera lina ganda jembamba na nyama nene kuliko la Dura, ndiyo maana linatoa mawese mengi. Sauti safi kabisa. Mara akaona watu wanasinzia, akawapigia hoye. Mimi wakati huo nilikuwa nje nanunua maji.

Leo natumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Tengeneza kwanza nakala ya faili lako, ya asili usiiguse. Na kama unayo WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, fanya kazi na hiyo, MP3 iache mpaka mwisho.

Sasa tazama kioo. Nimevuta picha karibu, pale pale kwenye hoye, mpaka vinaonekana vitone kimoja kimoja; kila kitone ni namba moja ya kipimo cha sauti. Sekunde moja ya rekodi hii ina vitone 44,100. Huku pembeni mawimbi yana vilele vya mviringo, yanapanda na kushuka vizuri. Hapa kwenye "yeee" yamekuwa bapa juu na chini, kama mtu kapita na panga. Faili la biti 16 haliwezi kuandika namba kubwa kuliko 32,767, kwa hiyo kila kilichozidi hapo kimekatwa. Hicho kilichokatwa hakimo tena kwenye faili. Tutakachofanya ni kuiambia programu ikisie kilele kilikuwaje, kwa kuangalia wimbi lilivyokuwa linapanda kabla na lilivyoshuka baadaye. Kwa mkato mfupi inakisia vizuri sana. Mkato ukiwa mrefu, matokeo yake utayasikia mwenyewe.

Haya, nenda menyu ya Analyze, chagua Find Clipping, kubali namba zilizopo. Umeona chini pametokea vibandiko? Kila kibandiko ni mahali palipokatwa. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wakishapunguza sauti, ile mistari myekundu ya kuonyesha mkato inapotea, wanadhani kazi imeisha. Haijaisha. Wimbi ni bapa vile vile, limeshushwa tu.

Baada ya vibandiko, chagua rekodi nzima, fungua Amplify, andika -9, yaani desibeli. Ndiyo, tunaipunguza. Vilele tutakavyovirudisha vitahitaji nafasi juu, na nafasi haipo mpaka tuitengeneze.

Sasa rudi kwenye kibandiko cha kwanza. Chagua hiyo hoye peke yake, na kipande kidogo kila upande. Fungua Clip Fix. Pale kwenye kizingiti, yaani kiwango ambacho wimbi likikipita linahesabiwa limekatwa, imeandikwa asilimia 95, iache kwanza. Kwenye kupunguza sauti kuna -9, badilisha iwe 0, maana tumeshapunguza sisi wenyewe. Ukiiacha, neno hilo litazama chini ya mengine. Bonyeza Apply.

Angalia vilele... vimerudi mviringo. Sikiliza kwa hedifoni, siyo spika ya simu. Kama bado inakwaruza, tendua, shusha kizingiti mpaka 90, jaribu tena. Usiipitishe rekodi ya saa mbili yote kwa mkupuo. Itakuchelewesha, na itagusa vilele ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kipande kwa kipande.

Kuna rekodi inakwaruza lakini Find Clipping haioni kitu. Hapo sauti ilikatwa kabla haijaandikwa kwenye faili, iwe kwenye miksa au pale inapoingilia kwenye rekoda. Mimi ilinipata nilipochomeka waya wa miksa kwenye tundu la maiki la rekoda. Ubapa upo, ila uko chini ya kiwango cha juu cha faili, kwa hiyo lazima uvute picha uutafute kwa macho. Clip Fix bado inasaidia, kwa sababu inapima kutoka kilele cha kipande ulichochagua.

Ukwaruzo kidogo ukibaki, punguza sauti kali za juu, kuanzia kilohezi 6 hivi, kwenye neno hilo tu. Na hoye yenyewe ishushe desibeli 4 au 5, hakuna anayetaka kurushwa kwenye kiti. Makofi ya ukumbi mzima mimi huwa sihangaiki nayo: kama kuna simu ilikuwa inarekodi kule nyuma, nachukua makofi yake nabandika.

Mwisho, pandisha rekodi nzima mpaka kilele kifike -1, toa WAV ya kuhifadhi, halafu MP3 ya kutuma WhatsApp.

Na siku nyingine ukipima maiki, msemaji asikuambie "moja, mbili, moja, mbili". Mwambie akupigie hoye, ile ya ukumbi umejaa, wewe ushushe geini, yaani nguvu ya maiki kwenye rekoda, mpaka taa ya kipimo isipite desibeli -12. Ndipo ukanunue maji.