Kupima mwendo wa sakafu ya bahari: mhadhara uliotolewa Fort Portal

Ndugu zangu, najua mnajiuliza: Uganda haina bahari, tsunami inatuhusu nini? Tuanzie hapa hapa. Februari 1994 ardhi ya Fort Portal ilitikisika kwa kipimo cha 6.2. Bonde la Ufa linapanuka, na tunalifuatilia kwa antena za GPS zilizosimikwa ardhini, kama ile ya Mbarara. Zikisogea milimita chache kwa mwaka, tunajua.

Sasa, ili kupima sakafu ya bahari, ambako tsunami huanzia, ishushe antena hiyo chini ya kilomita 3 za maji. Kwisha! Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi hata kidogo cha kutufaa. Sauti ndiyo inayofika, tena kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde. Basi meli hujua ilipo kwa GPS, kisha hutuma mlio majini. Vyombo vitatu au vinne vilivyolazwa sakafuni huujibu, na muda wa kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa umbali.

Ugumu uko kwenye hiyo kasi. Joto la maji likibadilika, nayo hubadilika. Ukiikosea kwa mita 1 tu kwa sekunde, kwenye kina hicho umekosea umbali kwa mita 2, nawe unatafuta sentimita! Dawa yake ni kuiweka meli katikati ya vyombo, ili kosa la upande huu lifutane na la upande ule. Hapo mwendo wa ulalo hupatikana vizuri. Wa juu na chini bado unasumbua, na kwa bahati mbaya ndio unaoinua maji.

Faida yake ilionekana Japani baada ya tetemeko la Machi 2011. Antena za nchi kavu zilionyesha ardhi imesogea mita 5 hivi. Vyombo vya sakafuni vikasema mita 24, na karibu zaidi na handaki la bahari, yaani lile bonde refu lenye kina kikubwa sakafuni, 31.

Lakini tusidanganyane: chombo hiki cha sakafuni hakipigi king'ora. Kinaonyesha mapema ni wapi mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya gamba lake, yamekwama na kukusanya nguvu. King'ora hutokana na vipima tetemeko, na vipima mgandamizo wa maji vilivyo sakafuni, ambavyo hupeleka habari kwa sauti hadi kwenye boya, boya likazirusha kwa setilaiti. Mwaka 2004 wimbi la tsunami lililoanzia Sumatra, Indonesia, lilichukua muda wa saa saba hivi kufika Somalia, na watu karibu 300 wakafa. Muda ulikuwepo. Mfumo wa kuwaambia ndio haukuwepo.