King'ora Hufa Kikiwa Kimya

Mabibi na mabwana, kila ninapoalikwa kuzungumzia ving'ora vya tahadhari, swali la kwanza huwa ni kwamba vinasikika umbali gani. Nitalijibu upesi tuachane nalo. Mwaka 1952 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa king'ora kilichoendeshwa kwa injini ya silinda nane, chenye desibeli 138 kikipimwa umbali wa mita 30. Kelele tunaiweza tangu zamani. Kinachotushinda ni betri, na nitalisema tena hata kama waliokwisha kunisikia wamechoka.

Dhoruba na mafuriko hukata umeme mapema, kwa hiyo king'ora kinachotegemea gridi peke yake hunyamaza saa ile ile kinapohitajika. Tunachofanya ni kuweka betri za asidi na madini ya risasi ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwenye nguzo, tukatia kufuli, tukaondoka. Kabati hilo hushinda juani, na kila fundi wa betri anajua kwamba joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi nyingine 10, umri wa betri hupungua karibu nusu. Ukilifungua baada ya miaka michache, utakuta ungaunga mweupe wenye ukijani umeota kwenye vichwa vya betri na ubavu wake umevimba, huku taa ya chaja ikiwaka kijani bila haya, kwa sababu chaja hupima volti, na betri iliyochoka huonyesha volti nzuri mpaka itwishwe mzigo.

Ndiyo maana siridhiki na majaribio ya kimya, ambayo hupitisha mlio usiosikika na sikio ili kukagua nyaya na spika. Ni ukaguzi mzuri, lakini betri haitoki jasho. Zimeni umeme wa gridi, kisha kipigeni king'ora kwa nguvu zake zote. Mtaniambia kwamba wananchi watakereka. Waholanzi wamekuwa wakipiga vyao kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, Wafaransa Jumatano ya kwanza, na sijasikia kwamba nchi hizo zimehamwa.

Wengine watasema simu zimechukua nafasi hiyo. Ujerumani iling'oa ving'ora vingi baada ya Vita Baridi. Siku ya majaribio ya kitaifa, tarehe 10 Septemba 2020, ujumbe wa simu ulichelewa karibu nusu saa, na miji mingi haikuwa na king'ora cha kupiga. Julai 2021 mafuriko yaliangusha umeme na mitandao ya simu katika bonde la mto Ahr, huko huko Ujerumani. Simu nayo ina mnara, na mnara nao una betri.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo mengine nayataja tu. Katika king'ora cha mota, gurudumu lenye matundu huzunguka karibu mno na ganda lake, na kutu kidogo hutosha kuligandisha. Wekeni wavu wa kuzuia ndege, na mlizungushe mara kwa mara. Kuhusu mawimbi ya redio, usiku wa tarehe 7 Aprili 2017 ving'ora 156 vya jiji la Dallas vililia bila hatari yoyote, kwa sababu mtu alirusha ishara ya redio inayoviwasha, na mfumo ukaitii.