Dozi Ipande au Isipande? Haidroksiyurea kwa Mtoto wa Selimundu

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, mfamasia wa hospitali, na mwenzangu ni Dokta Baraka wa kliniki ya damu na saratani. Leo hatuna dawa mpya. Tunayo ya zamani, ambayo wengi wetu tunaitoa nusunusu.

BARAKA: Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Na kweli, nusunusu.

REHEMA: Nikupe mgonjwa wa kubuni, Dokta. Mtoto wa selimundu alianza dawa akiwa na kilo 20, kapsuli moja ya miligramu 500 kwa siku. Hiyo ni miligramu 25 kwa kila kilo. Leo ana kilo 30, maumivu yamerudi, na kapsuli ni ileile moja.

BARAKA: Yaani yuko chini ya miligramu 17 kwa kilo. Dozi imeshuka na hakuna daktari aliyeamua ishuke.

REHEMA: Ngoja, sijamaliza. FBP yake, kile kipimo kamili cha damu, inaonyesha nyutrofili 1,400, zile chembe nyeupe za kupambana na maambukizi ambazo dawa hii huweza kuzishusha. Daktari wa zamu anaandika: simamisha dawa.

BARAKA: Mimi hapo ningeuliza kwanza MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Ipo kwenye karatasi ileile, watu huipita tu. Haidroksiyurea ikifanya kazi, chembe nyekundu hunenepa. Kama MCV ilikuwa 80 kabla ya dawa na leo bado ni 80, ama mtoto hamezi, ama anameza kidogo mno. Sasa dawa isiyogusa chembe nyekundu, kwa nini tuilaumu kwa nyeupe?

REHEMA: Lakini si kuna watoto wenye upungufu wa madini ya chuma?

BARAKA: Wapo, na wenye alfa thalasemia pia, tatizo la damu la kurithi, hao MCV yao hubaki chini hata wakimeza vizuri. Ndiyo maana nasema nauliza, sisemi nahukumu. Swali la pili: kabla ya dawa nyutrofili zilikuwa ngapi?

REHEMA: Faili halina.

BARAKA: Faili halina kamwe! Haya. Waafrika wengi hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Kuikosa ndiko kunakotukinga na vivaksi, aina mojawapo ya malaria. Mtu wa namna hiyo ukimpima damu akiwa mzima kabisa, unaweza kukuta nyutrofili 1,200 au 1,300, na hapati maambukizi zaidi kuliko wengine. Uboho unazitengeneza vizuri, ila nyingi zinakaa kwenye tishu badala ya kuzunguka kwenye damu.

REHEMA: Kumbe viwango vilivyochapwa kwenye majibu ya maabara vimetoka kwa watu wasiofanana na wagonjwa wetu.

BARAKA: Mara nyingi ndivyo. Mwongozo wa Marekani wa 2014 unataka dozi ipandishwe mpaka nyutrofili zishuke hadi kati ya 2,000 na 4,000, lakini wenyewe unakubali kwamba mtoto mwenye kiwango cha chini tangu mwanzo anaweza kuvumilia hadi 1,250. Huyu wako, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa zaidi ya 80,000, na retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa, haziko chini, simsimamishii. Nahakikisha anameza, namrudisha kwenye dozi ya uzito wake, narudia FBP mapema kuliko kawaida.

REHEMA: Wasikilizaji watasema Dokta ana ujasiri wa mjini. Dispensari ya wilayani je?

BARAKA: Tazama Mulago, hospitali ya rufaa ya Kampala, Uganda. Mwaka 2017 walionyesha kwamba watoto wanaomeza dawa hii hawapati malaria zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa hofu kubwa. Kisha wakalinganisha makundi mawili, jumla watoto 187: wengine walibaki karibu miligramu 20 kwa kilo, wengine wakapandishwa hadi karibu 30. Matokeo yalitoka 2020. Lengo la himoglobini lilifikiwa na asilimia 86 ya waliopandishwa, na asilimia 37 ya waliobaki. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, kulazwa kukapungua. Madhara hayakuzidi. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno.

REHEMA: Yaani dozi ndogo, tunayoiita salama, ndiyo iliyowalaza.

BARAKA: Na hakuna anayeihesabu kama madhara ya uamuzi wetu. Mtoto akipata homa baada ya kuongezewa dozi, wote wanakutazama wewe. Akipata kiharusi kwenye dozi ya chini, wanasema ni ugonjwa.

REHEMA: Upande wangu tatizo ni kapsuli. Mtoto wa kilo 14 kwa miligramu 20 anahitaji 280 kwa siku, nami nina 500 tu. Basi napiga hesabu ya wiki: 1,960. Kapsuli nne zinatosha, siku nne kati ya saba. Mama namwandikia siku zenyewe kwa majina, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili. Ukimwambia "siku moja ndiyo, moja hapana" atachanganyikiwa wiki ya pili.

BARAKA: Na neno saratani?

REHEMA: Ee, hilo. Wanasoma kikaratasi, wanarudi na pakiti: "Dada, mmempa mwanangu dawa ya saratani." Nawaambia ni kweli, ilianzia huko, na hata leo wapo wagonjwa wa saratani ya damu wanaoimeza. Kuficha hakusaidii.

BARAKA: Kitendawili cha nyutrofili nakikuta pia kwenye lukemia, saratani ya damu, ya watoto. Ile awamu ndefu ya merkaptopurini, dawa ya lukemia, dozi tunaiongoza kwa nyutrofili. Mtoto asiye na Duffy anafika haraka kwenye kiwango cha kusimamisha dawa, wakati uboho wake hauna shida. Ila huko siwi mwepesi, maana wapo waliorithi umbile la kutoweza kuivunja dawa hiyo, na kwao kushuka ni sumu ya kweli. Nikiona zimeshuka chini ya 500, nasimamisha, maneno baadaye.

REHEMA: Na kwenye selimundu unasimamisha lini?

BARAKA: Nyutrofili chini ya 1,000, chembe sahani chini ya 80,000, au himoglobini imeporomoka na retikulosaiti hazipo. Hiyo ya mwisho yaweza kuwa kirusi cha parvo B19, kinachozuia uboho kutengeneza chembe nyekundu, si dawa, lakini dawa naisitisha vilevile. Wiki moja, napima, zikipanda tunarudi. Zikishuka tena ndipo napunguza miligramu 2.5 au 5 kwa kilo.

REHEMA: Basi wanaotuma rufaa kwetu, ombi moja: andikeni FBP ya kabla ya dawa.

BARAKA: Na uzito. Wa leo, si wa mwaka juzi.