Kanuni ya Barakoa Ianzie Kwenye Hewa ya Chumba

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu kanuni nyingi za barakoa ziliandikwa kana kwamba virusi vya korona vinahesabu mita za umbali kati ya watu. Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi huko Mount Vernon, katika jimbo la Washington, Marekani. Waliimba kwa takriban saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na mafua ya kawaida. Baadaye wagonjwa waliothibitishwa na waliodhaniwa, pamoja na huyo wa kwanza, walifika 53, na wawili wakafariki. Inawezekana matone na viti walivyoshika vilichangia, lakini mtu mmoja hawezi kuwarushia mate watu wote hao. Anayeimba, au hata anayezungumza tu, hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea na kujazana chumbani kama moshi jikoni, na aliye kona ya mbali huzivuta vilevile.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na ile kanuni ya mikahawani iliyomtaka mteja avae barakoa anapopita mlangoni na kuivua akishaketi, ilhali ni pale mezani anapokaa saa nzima akivuta hewa ya wenzake.

Najua yupo atakayesema: “Mbona tulivaa na bado tukaugua?” Swali hilo ni la haki. Barakoa ya upasuaji hupitisha hewa pembeni, na N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio, hupoteza nguvu yake isipobana uso. Hata hivyo, katika utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh, pale zilipohimizwa barakoa za upasuaji, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takriban asilimia 11, ingawa waliovaa ipasavyo hawakufika nusu ya watu.

Kuhusu madirisha na vipimo vya hewa ukaa, vinavyoonyesha kama hewa ya chumba imepumuliwa mno, muda hauniruhusu. Itoshe kusema kwamba barakoa haiondoi wajibu wa kuingiza hewa safi.

Wodini na katika vyumba vya kusubiri hospitalini, ambako mgonjwa hana hiari ya kuondoka, maambukizi yakipanda ningeweka sharti la kuvaa barakoa. Kwingineko, yanapokuwa yamepungua, pendekezo linatosha, mradi tangazo la mlangoni litaje aina ya barakoa, sababu ya kuivaa na lini agizo hilo litakoma.