Kuezeka na Kugawa Fremu kwa Paneli za Povu: Kazi ya Tabata, Mwanzo Hadi Mwisho

Habari zenu wadau, karibuni tena saiti. Leo tupo Tabata, kwenye fremu, yaani chumba cha biashara, ya saluni yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 6. Bati la zamani tumeshalivua, mnaona mbingu hapo juu. Tunaezeka kwa paneli za povu, zile zenye bati juu, bati chini na povu katikati, kisha ndani tunagawa stoo kwa paneli za ukuta. Ukijua kushika drili na pima maji, kazi hii unaiweza. Kinachowaangusha wengi ni kingo: paneli inapoishia, inapokutana na mwenzake, ilipotobolewa. Nikifika kwenye kingo nitaenda polepole, kwingine nitakimbia.

Kwanza dukani. Utakutana na povu jeupe la chembechembe, EPS, ambalo ndilo la bei ya chini. Kuna la njano, poliurethani, linalozuia joto zaidi kwa unene uleule. Halafu kuna pamba ya mawe, ambayo si povu kabisa. Ni nzito, ni ghali, lakini haiungui. Hapa tumechukua EPS ya sentimita 5. Usiidharau: hizo sentimita 5 zinazuia joto kuliko zege lenye unene wa mita nzima. Mita moja ya mraba, ikiwa mabati yake yana unene wa milimita 0.5, ina uzito wa kilo 9 hivi. Ukuta wa tofali la inchi 6 kwa eneo hilohilo unapita kilo 250.

Ila kama fremu yako ni ya chipsi, ya mama lishe, au unachomelea vyuma humo, EPS achana nayo. Inaanza kulainika joto likikaribia nyuzi 100, na ikishika moto inadondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mweusi mzito. Jikoni weka pamba ya mawe au jenga tofali. Hapo sibembelezi mtu.

Muuzaji akikwambia povu lake ni zito, mwombe kipande. Kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uweke kwenye mzani mdogo wa viungo. Ukisoma gramu 15 au zaidi, una povu la kilo 15 kwa mita ya ujazo, linafaa. Ukisoma gramu 8, rudisha. Kisha shika kona ya bati uvute kwa vidole. Likibanduka kirahisi, gundi ni hafifu, na juani litabanduka lenyewe. Na wewe uliyeko Kigamboni au Kunduchi, ulizia bati la aluzinki, yaani lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, lenye rangi, maana chumvi ya bahari haina huruma na zinki nyembamba.

Agiza paneli zikatwe kiwandani kwa urefu kamili, paa lisiwe na kiungo katikati. Zetu ni mita 4.5, kwa hiyo kirikuu hakifai, tafuta gari refu. Zikifika, zilaze juu ya vipande vya mbao, upande mmoja uinuke kidogo ili maji yasituame katikati yake. Ile nailoni ya juu ibandue mapema. Ukiiacha ipigwe na jua wiki kadhaa inaganda, utaikwangua mpaka rangi itoke.

Sasa mifupa ya chuma ya kubebea paa. Tumeweka papi, yaani fito za kulalia paneli, nne za skwea paipu, nafasi kati yake haifiki mita 1.5. Ukinunua paneli ya unene mwingine, fuata jedwali la kiwanda. Mteremko usipungue nyuzi 5, yaani sentimita 9 kwa kila mita. Kwa upana wetu wa mita 4, upande mmoja uko chini kwa sentimita 36. Tumeuelekeza kwenye uchochoro wa mwenye nyumba, si kwa jirani. Hilo malizaneni kabla ya masika. Na papi zifungwe kwa bolti zilizozama kwenye lenta. Paa hili ni jepesi kwa fundi na ni jepesi kwa upepo pia.

Kupanga paneli. Sogeza kamera hapa tafadhali. Dar pepo zetu kubwa, kusi na kaskazi, zote zinatokea upande wa bahari. Kwa hiyo paneli ya kwanza inalala upande wa bara, na unaongeza kuelekea baharini. Kila paneli mpya inalalia mgongo, yaani tuta la bati lililoinuka, wa iliyotangulia, na mdomo wa maungio unaupa upepo kisogo. Ukipanga kinyume, mvua ya upepo itasukumwa ndani.

Kabla ya kulaza ya pili, pitisha mstari wa silikoni juu ya mgongo utakaofunikwa. Silikoni ya kawaida, siyo gundi ya kiatu wala ya zulia. Gundi zile na petroli na thina zinalila povu jeupe mpaka linabaki shimo. Bana paneli, piga jicho kwa chini: mwanya ukionekana kati ya povu na povu, gonga kwa ubao mpaka uzibe.

Skrubu inapita juu ya mgongo, si bondeni maji yanakopita. Urefu wake uhesabu hivi: povu sentimita 5, mgongo 3.5, na 2.5 za kuingia kwenye chuma. Jumla 11. Kama papi zako ni za mbao, ongeza 2 zaidi. Kaza mpaka raba ya skrubu ikae bapa, basi. Ikijikunja na kutokeza pembeni umekaza mno, na bati limebonyea, maji yatakaa hapo. Kwenye papi za pembeni piga kila mgongo.

Kukata, tumia msumeno wa umeme wenye meno madogo ya chuma. Grainda iache kwenye boksi. Cheche zake zinaunguza rangi na kuyeyusha povu. Na vumbi la chuma lisilale juu ya paa, fagia siku hiyohiyo. Likilala na umande, asubuhi paa jipya lina madoa ya kutu.

Upande wa chini, kwenye gata: kata bati la chini pamoja na povu, rudi ndani sentimita 5, ubakishe bati la juu peke yake lidondoshe maji gatani. Kisha funika povu lililo wazi kwa bati la kona na riveti. Povu likiachwa uchi, jua linaligeuza unga wa njano, panya wanazaliana humo, na moto ukija unapata mlango. Upande wa juu ni hivyohivyo, ila ncha za bati zipinde zitazame juu kabla ya kuweka kofia, yaani bati la kufunika ukingo wa juu, na mianya iliyobaki ijaze povu la kopo.

Ukuta wa ndani sasa, huu ni mwepesi. Piga mstari wa chokaa sakafuni, funga chaneli ya U chini na juu kwa skrubu na plagi, ingiza paneli moja moja, pima timazi kila moja. Mlango uwekee skwea paipu pande zote mbili, maana povu halibebi bawaba. Vioo vikubwa na rafu vinataka bolti ya kupita upande wa pili au ubao uliofichwa ndani. Dada mwenye saluni ametuuliza kama stoo haitasikika. Itasikika, dada. Ukuta mwepesi hauzuii sauti kama tofali.

Fundi umeme asipitishe waya mtupu ndani ya povu. Plastiki ya waya ikigusana na EPS kwa muda mrefu inakakamaa na kupasuka. Kila waya upite kwenye bomba lake.

Silikoni iache ikauke usiku kucha. Kesho yake, kabla hujamlipa fundi, panda na mpira wa maji, ukanyage palipo na papi tu, ukiwa na viatu vya raba. Mwagia kuanzia gatani ukipanda taratibu, kila mgongo dakika kadhaa, mtu mmoja akiwa chini na tochi. Tone likionekana, weka alama kwa kalamu hapohapo na usiendelee juu mpaka umeliziba.